Zilizokamilika Tu

Chumba cha mikutano cha ghorofa ya pili kilikuwa na viti kumi na viwili na kiyoyozi kibovu kilichokuwa kikikohoa zaidi kuliko kupoza. Jumatatu hiyo wakuu wa ghala la dawa walikaa humo kumsikiliza mwanamke ambaye kazini walimwita Swali. Jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kuiuliza kompyuta: anaandika ulizo la mistari mitatu minne, mfumo unapekua kumbukumbu zake, kisha unamletea jedwali la majibu. Aliijua kazi hiyo barabara, na alijua kwamba anaijua.

Ghala lilihudumia zahanati arobaini na tatu. Kila siku ya kazi, saa sita mchana, mfumo ulikusanya maombi yote ya zahanati na kuyapigia hesabu kwa mkupuo mmoja: nani apewe nini, kiasi gani, kwa gari lipi. Kazi hiyo ya mkupuo ilitakiwa iwe imekwisha kabla ya saa saba, orodha za kupakia ziwe zimemfikia msimamizi wa ghala, na saa nane magari yawe barabarani. Sasa kwa miezi mitatu kulikuwa na siku magari yalitoka saa tisa na nusu, hata saa kumi. Zahanati za mbali hufunga saa kumi na moja. Gari likikuta kufuli linarudi na dawa zake, na mgonjwa aliyekuja kwa miguu anarudi mikono mitupu. Malalamiko yalikuwa yameshafika juu.

"Tusizunguke," alisema Meneja, mtu mfupi mwenye haraka. "Ni mfumo au ni watu?"

Swali akaonyesha mchoro wake ukutani. "Nimechukua miezi yote mitatu. Kwa wastani, kazi ya mkupuo inachukua dakika thelathini na nane. Siku iliyochelewa kuliko zote ni dakika hamsini na mbili. Hakuna siku hata moja iliyovuka saa saba."

"Kwa hiyo ni watu."

"Mfumo hauna tatizo," alisema Swali. Ndicho alichoulizwa, na ndicho alichojibu.

Hao "watu" walikuwa mtu mmoja: msimamizi wa ghala, ambaye wapakiaji walimpachika jina la Dakika kwa jinsi alivyokuwa akitembea na saa mkononi akihesabu. Na Dakika alikuwa mume wa Swali. Kila mtu mle chumbani alilijua hilo. Mmoja akakohoa, mwingine akafunika kalamu yake na kuifunua tena.

"Dada, nakupongeza," alisema Meneja mwishoni. "Si kila mtu angeweza kuleta karatasi kama hii."

Tuseme kweli: aliposikia hivyo, Swali alijisikia vizuri. Kwa miaka mingi watu walinong'ona kwamba mume na mke kazi moja ni kubebana. Sasa nani angefungua mdomo? Furaha hiyo ilidumu mpaka aliposhuka ngazi na kumwona Dakika kwa mbali, amesimama kwenye mlango mkubwa wa ghala, ameinamia kishikwambi chake kama mtu anayesoma maandishi madogo ya chupa ya dawa.

&nbsp;

Jumanne, kabla ya saa saba mchana, Dakika alirudi nyumbani na nguo zake za kazi ndani ya mfuko wa plastiki. Mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi nao, alikuwa sebuleni akishona kifungo.

"Kulikoni leo? Jua bado liko utosini."

"Wamenipumzisha, mama. Mpaka Ijumaa."

"Kukupumzisha ndiyo nini? Uliomba likizo?"

"Ndiyo. Likizo."

"Likizo gani hiyo ya kurudi na mfuko?" Mama alimwangalia juu ya miwani, akaona heri asiulize zaidi. "Haya, kaa basi. Nikutilie chai."

Swali alipotoka kazini jioni alimkuta chumbani, amekaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado viko miguuni. Akafunga mlango.

"Nilitaka nikuambie jana."

"Uniambie nini? Umesema ulichokiona. Mimi ningekuwa wa kwanza kukushangaa ungesema kingine."

"Nilisema mfumo hauna tatizo. Sikusema wewe una tatizo."

"Ni mlemle, mke wangu." Alitabasamu kidogo. "Hasira sina. Usije ukadhani nina hasira."

Ilikuwa afadhali angekuwa nazo. Swali alikaa kando yake, akasubiri ajitetee, na mume hakujitetea. Basi kile alichokuwa amekimeza tangu Jumatatu kikamtoka kwa sauti ambayo hakuipanga.

"Sasa orodha inafika kabla ya saa saba, magari yanatoka saa kumi. Hapo katikati mnafanya nini? Kama kazi imekushinda, si ungeniambia mimi?"

Dakika aliinama, akaanza kufungua kamba za viatu, taratibu, kimoja kisha cha pili. "Umri," alisema. "Umri unakuja mtu hajaualika."

Swali akacheka kidogo kwa kudhani ni mzaha. Wakatoka kwenda kula.

&nbsp;

Jumatano wakamwita aje arudishe funguo na kishikwambi. Swali aliyaona yote kutoka dirishani kwake. Mlinzi wa getini, ambaye kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa akimpigia saluti ya mzaha kila asubuhi, alitoka kibandani na daftari la wageni mkononi. Hakujua aangalie wapi. Dakika alichukua kalamu, akaandika jina, akaandika saa, kisha akafika kwenye sehemu ya sababu ya kuja na kalamu ikasimama. Alifikiri kwa muda mrefu mtu huyo ambaye hata siku moja hakuwahi kufikiri aandike nini. Mwishowe akaandika neno moja, na mlinzi akamfungulia.

Ofisini kwa Swali wenzake waliinamia kazi zao kwa bidii ya ghafla. Mmoja alimletea kikombe cha chai bila kuombwa, akakiweka na kuondoka bila kusema kitu, jambo ambalo watu huwafanyia wafiwa. Mchana ule Swali alifungua ripoti yake na kuisoma tena kutoka juu hadi chini. Hesabu zilikuwa sawa. Akaifunga.

&nbsp;

Alhamisi jioni alitoa zile nguo za kazi mfukoni azifue, maana kesho yake saa nne kilikuwa kikao cha nidhamu na hakutaka mume aende na shati chafu. Kwenye mfuko wa suruali kulikuwa na daftari dogo, la kutosha kiganja, lililopinda. Alidhani ni la hesabu za maboksi. Akalifungua.

Ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa mtu aliyebonyeza kalamu kwa nguvu: *1. Gusa picha ya gari. 2. Ngoja, duara litazunguka. 3. Duara likiisha, orodha inakuja. 4. Usiguse mara mbili.* Neno "usiguse" lilikuwa limepigiwa mstari chini. Kurasa zilizofuata zilikuwa za tarehe, mwezi kwa mwezi.

*Tarehe 9. Duara halikuisha. Nimegusa mara 14. Nimezima, nimewasha. Imekuja saa tisa kasorobo. Kosa sijalijua.*

*Tarehe 17. Tena. Leo sikugusa mara mbili. Nimenawa mikono kwanza, labda ni mafuta ya vidole. Imekuja saa tisa na nusu.*

*Tarehe 18. Imekuja mara moja! Sijui nimefanya nini tofauti.*

Swali alikaa chini pale pale, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Vile vishikwambi vililetwa mwanzoni mwa mwaka kuondoa orodha za karatasi. Wasimamizi walifundishwa kwa saa mbili, na mfundishaji alimwita Dakika "babu" mbele ya wapakiaji wake. Hadithi hiyo mume aliisimulia nyumbani kama kichekesho. Na Swali naye alikuwa na kichekesho chake: siku Dakika aliponunua simu mpya, alibonyezabonyeza mpaka akampigia Meneja saa ya chakula bila kujua, Meneja akasikiliza familia nzima ikibishana juu ya chumvi. Swali alicheka mpaka machozi. Kesho yake aliwasimulia ofisini, wakacheka nao.

Kwenye ukurasa wa tarehe 25 kulikuwa na mstari uliokatwa, lakini bado ulisomeka: *Nimuulize mke wangu.*

"Hicho kidaftari kimeonekana?" Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake. "Juzi amekitafuta kama mtu aliyepoteza jino. Jioni unapochelewa kurudi, hukaa pale kibarazani, anaweka sinia mapajani na kuligusagusa kwa kidole. Gusa, anangoja. Gusa, anangoja. Nikamuuliza, mwanangu, vidole vinakuuma? Akasema anajizoeza."

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mumeo anagusa sinia?"

Swali aliloweka shati, lakini daftari aliliweka kwenye mkoba wake. Alikuwa amehesabu siku za duara lisiloisha. Zilikuwa kumi na moja.

&nbsp;

Ijumaa aliondoka nyumbani kabla watu hawajaamka, na kabla ya saa moja na nusu alikuwa mezani kwake. Alifungua lile jedwali lililozaa mchoro na kufanya jambo ambalo angelifanya mwanafunzi wa wiki ya kwanza: alihesabu mistari. Ilikuwa hamsini na mmoja. Akachukua kalenda, akahesabu siku za kazi za miezi ile mitatu, sikukuu akazitoa. Sitini na mbili. Akahesabu tena kwa kidole. Sitini na mbili.

Alitafuta tarehe 9 kwenye jedwali lake. Haikuwepo. Tarehe 17 haikuwepo. Tarehe 18, ile iliyokuja mara moja, ilikuwepo.

Kisha akaliangalia ulizo lenyewe, na mstari wa tatu ukamkodolea macho. Alikuwa ameuandika mwenyewe, kwa mazoea, kama mtu anavyopangusa meza kabla ya kula: aliuambia mfumo umletee kazi *zilizokamilika tu*. Maana utapimaje muda wa kitu ambacho hakina saa ya kumalizika? Ulikuwa mstari wa akili. Ulikuwa pia mstari uliozifuta siku zote mbaya, ukaacha nzuri, kisha ukapiga wastani.

Akaufuta. Akauliza upya. Mistari mingine kumi na mmoja ikajitokeza, kila mmoja una saa ya kuanza, na pale penye saa ya kumaliza pako wazi. Tarehe kwa tarehe, ilikuwa ile ya daftarini. Alichimba zaidi na chanzo kikaonekana bila taabu: kulikuwa na kazi nyingine, ya kufagia kumbukumbu za zamani, inayoamka yenyewe kila nafasi inapopungua. Siku ilipoamka saa sita mchana, hizo kazi mbili zilikutana kama watu wawili mlangoni, kila mmoja akimngoja mwenzake apite, na hakuna aliyepita. Saa mbili nzima, siku nyingine hata zaidi. Mpaka mtu wa zamu aikate ile ya mkupuo na kuianzisha upya kwa mkono, na kazi ya mkono huandikwa kwenye jedwali jingine, kwa jina jingine.

Alimkuta mtu wa zamu akivua koti.

"Siku hizi kumi na moja, kazi ya mkupuo uliikata wewe?"

Yule bwana akaitazama orodha. "Mimi na mwenzangu."

"Mbona hamkusema?"

"Tuliandika, dada. Imeanzishwa upya, imemaliza, sawa. Ikimaliza, kwetu ni sawa." Akalitundika koti. "Halafu hamkutuuliza."

Kwa hiyo kwa muda wa saa mbili, siku kumi na moja, mtu mzima wa miaka hamsini na saba alisimama mlangoni mwa ghala akigusa kioo ambacho hakikuwa na cha kumwonyesha, wapakiaji wakimtazama, madereva wakipiga honi, naye akinawa mikono akidhani ni mafuta ya vidole.

&nbsp;

Saa tatu kasoro dakika tano Swali aliingia ofisi ya Afisa Utumishi bila kubisha. Afisa, mwanamke mpole aliyezoea kuwapa watu habari mbaya, alikuwa na Meneja.

"Kikao kiahirishwe," alisema Swali, na pumzi zilikuwa hazimtoshi. "Nimekosea. Ripoti yangu ina kosa, nimekuja na mpya. Ni mfumo. Siku zote kumi na moja ni mfumo."

Wale wawili wakaangaliana.

"Hakuna kikao, dada," alisema Afisa. "Mumeo alikuja saa mbili, tulipofungua tu. Alituomba tusiwasumbue watu."

Akaivuta barua kutoka kwenye jalada na kumsogezea. Ilikuwa na muhuri tayari. Swali aliusoma ule mwandiko wa kubonyeza kalamu kwa nguvu. *Nakiri kwamba ucheleweshaji wote umetokana na mimi kushindwa kukitumia kifaa. Nilidhani huenda ni mfumo, lakini ripoti imeonyesha si mfumo. Ripoti hiyo siwezi kuipinga. Aliyeiandika namjua, hajawahi kukosea hesabu. Naomba nipumzishwe kazi kwa amani.*

Meneja alikuwa akisoma karatasi mpya. Aliisoma yote, na haraka yake ikamwishia. "Hii kazi ya kufagia itahamishwa leo hii," alisema.

"Na yeye?"

"Dada..."

"Na yeye, bosi?"

"Amekiri. Kwa mkono wake, bila kulazimishwa. Barua imeshapokewa makao makuu, wameshajibu kwa simu, na wa kushika nafasi, aliyekuwa ameandaliwa tangu Jumanne, anaanza Jumatatu."

"Amekiri kosa ambalo halipo."

"Kosa halipo, sawa. Lakini kukiri kupo." Meneja alijisikia mwenyewe alivyosema, akaangalia pembeni. "Andika rufaa. Nitaitia sahihi. Ila nisikudanganye, sijaona mtu aliyekiri akarudishwa. Watauliza kwa nini alikiri, na mimi nitawajibu nini?"

Swali alikuwa na jibu, lakini lilikuwa mezani tayari, limepigwa muhuri. Afisa Utumishi alimsogezea kiti, akakikataa, kisha akakikalia.

&nbsp;

Alifika nyumbani saa tano. Dakika alikuwa sebuleni peke yake, amevaa lile shati lililofuliwa, pasi imekaa vizuri. Alipomwona mkewe saa hiyo alielewa kwamba ameshajua.

"Usinikasirikie," alisema. "Nimeona nisikuweke wewe katikati. Ungekaa upande gani wa meza?"

Swali alikaa sakafuni mbele yake, akamshika magoti, akamweleza. Alimweleza taratibu, bila maneno ya kazini: kazi mbili mlangoni, saa ya kumaliza iliyo wazi, mstari wake wa tatu. Dakika alisikiliza kwa makini kama mtu anayefundishwa kitu atakachoulizwa baadaye.

"Kwa hiyo lile duara..."

"Lilikuwa linangoja. Hakukuwa na orodha. Hata mimi ningegusa mara elfu lisingeleta kitu."

"Kwa hiyo sikuwa mimi?"

"Hukuwa wewe."

"Hata tarehe tisa?"

"Hata tarehe tisa."

Uso wake ulikunjuka kidogo kidogo, ukawa kwa dakika moja uso wa mtu aliyeambiwa kipimo chake kimetoka safi. "Tarehe tisa," alisema, "nilipanda gari mwenyewe mpaka zahanati ya mwisho. Nilitaka nieleze kwa mdomo wangu. Palikuwa pamefungwa. Kulikuwa na mama mmoja kwenye ngazi, amekuja kuchukua dawa ya mwanawe ya kifafa, amekaa tangu asubuhi. Nikamwambia, mama, ni mimi niliyechelewesha. Akaniangalia tu. Hakunitukana. Nilitamani anitukane." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Kila aliyechelewa nilimwomba radhi. Madereva, wauguzi, wote. Wengine kwa simu."

"Nakuomba unisamehe," alisema Swali. Alikuwa analia waziwazi sasa. "Nimekukosea. Ningeuangalia ule mstari. Ningekuuliza. Nilikaa na wewe kitanda kimoja na sikukuuliza."

Aliyatarajia mengi: anyamaze, atoke nje, amfokee hata mara moja katika maisha yao. Lakini lile neno la kuombwa msamaha lilimshtua Dakika kama mtu aliyeitwa jina lake kwa kipaza sauti. Alisimama haraka, akajinyoosha, akafuta vidole vyake kwenye suruali, kimoja kimoja.

"Hapana, hapana," alisema. "Ni mimi. Ningekueleza mapema."

"Baba, usiseme hivyo. Nimekuambia hukuwa wewe."

"Ndiyo, nimekuelewa." Aliinamisha kichwa, mikono ameikusanya mbele, macho kwenye zulia. "Samahani sana kwa usumbufu," alimwambia mkewe. "Haitatokea tena."